Maneno ya Gereji Yanayokatisha Watu Springi

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi si vigumu kumkuta kijana mwenye Altezza, Mark II au Subaru akimwagiza fundi alishushe gari lake na kulifanya gumu, liwe "kama la mbio". Fundi huwasha grenda, hukata mkunjo mmoja au miwili wa springi, gari hulala chini, mteja hulipa na kuondoka ameridhika. Nyuma ya kazi hiyo kuna madai yaliyorudiwa hadi watu wameyachukua kuwa kanuni za uhandisi. Nayajibu hapa moja moja kwa sababu yanaharibu magari mazuri na kuwaweka abiria hatarini, na kwa sababu wahandisi wa magari ya mbio wenyewe wametumia miongo mingi kutafuta karibu kinyume chake.

"Magari ya mbio ni magumu, kwa hiyo ugumu ndio unaoshika barabara."

Dai hili ndilo lililozaa mengine, nami nitakaa nalo zaidi.

Gari lolote, liwe la Formula 1 au daladala la Gongo la Mboto, limeshikana na barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Nguvu yote ya kukata kona, kufunga breki na kuondoka kwa kasi hupitia hapo. Na tairi lina tabia moja ambayo ndiyo msingi wa fani nzima ya saspensheni: ukiliongezea mzigo, ushikaji wake hukua, lakini haukui kwa kiwango kilekile. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Matairi mawili yanayobeba kilo 300 kila moja yatoe ushikaji wa 300 na 300, jumla 600. Hamisha kilo 200, moja libebe 500 na la pili 100: la kwanza litatoa labda 460, la pili 105, jumla 565. Uzito ni uleule na mpira ni uleule, lakini ushikaji umepungua. Kinachotokea kwa matairi mawili kwa wakati mmoja hutokea pia kwa tairi moja kwa nyakati mbili. Likigandamizwa sana sasa hivi, kisha likaachwa bila mzigo kufumba na kufumbua, wastani wa ushikaji wake hushuka.

Sasa lipitishe gurudumu juu ya jiwe. Springi laini hulipa nafasi ya kupanda, kisha hulirudisha chini huku mwili wa gari ukibaki karibu palepale. Springi ngumu kupita kiasi huusukuma mwili mzima juu, na gurudumu huachana na ardhi. Tairi lililo hewani halikati kona wala halifungi breki. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya mawe hulegeza magoti na maji hayamwagiki. Akikaza miguu atalowa. Mhandisi wa mbio analijua hilo. Huanza na springi laini kadiri awezavyo, kisha huikaza pale tu anapolazimishwa.

Nini humlazimisha? Katika Formula 1 ni hewa. Mwaka 1977 Colin Chapman na wahandisi wake wa Lotus walileta gari la 78, na mwaka 1978 wakaleta la 79, ambalo chini yake liliumbwa kama bawa lililopinduliwa. Hewa ikipita chini kwa kasi, gari huvutwa kuelekea ardhini. Mario Andretti akawa bingwa wa dunia mwaka huo. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, yaani kasi ikiongezeka mara mbili mgandamizo huongezeka mara nne, na katika magari ya leo huzidi uzito wa gari lenyewe. Springi inayofaa kwenye kona ya taratibu italikalisha gari hilo juu ya lami mwishoni mwa barabara iliyonyooka, na sakafu ikigusa chini au ikiinama vibaya, kazi yote ya bawa huvurugika. Ndiyo maana springi hukazwa, ili kulinda umbali kati ya sakafu na lami. Ugumu ni gharama wanayoilipa ili waipate hewa, na historia inaonyesha walivyoilipa kwa uchungu.

Mwaka 1981 kanuni zilidai pengo la sentimita 6 chini ya gari linapopimwa. Gordon Murray wa Brabham akabuni mfumo uliolishusha gari likiwa mwendoni na kulirudisha juu kabla ya kupimwa. Nelson Piquet akatwaa ubingwa, timu nyingine zikaiga, na magari ya kipindi kile yakawa karibu hayana mchezo wowote wa magurudumu. Madereva walitikiswa hadi wakawa hawaoni sawasawa, na mwaka 1983 sakafu bapa zikafanywa lazima. Sakafu zenye umbo la bawa ziliporudishwa mwaka 2022, adha ikarudi nazo. Magari yaliruka-ruka kwenye sehemu zilizonyooka, Lewis Hamilton akatoka ndani ya Mercedes yake huko Baku kwa taabu akiugulia mgongo, na siku chache baadaye FIA, shirikisho linalosimamia mashindano hayo, ikatangaza hatua za kudhibiti mtikisiko huo. Hao ni wahandisi wenye bajeti kubwa kuliko wote katika mbio za magari, na ugumu uliwatesa.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 2005 Renault, timu iliyompa Fernando Alonso ubingwa, iliweka ndani ya pua ya gari lake kipande cha uzito kilichoning'inizwa kwenye springi. Kazi yake ilikuwa kutikisika kinyume cha gari ili tairi la mbele libaki na mzigo ulio sawa zaidi. Katika mchezo ambao wahandisi hupigania kupunguza kila gramu, hao waliongeza uzito kwa makusudi ili tu tairi lisidunde. Mwaka 2006 FIA ilikipiga marufuku, ikihesabu kuwa kinasaidia mwenendo wa hewa.

Mark II yako haina sakafu inayoivuta ardhini kwa mzigo wa tani nzima. Ukiikaza springi unalipa gharama ya Formula 1 bila kupokea kitu.

"Kata springi, gari likikaa chini litashika kona."

Dai hili lina punje ya ukweli ndani yake, na punje hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Kweli, gari lililo chini huhamisha uzito mdogo zaidi kwenye kona. Hesabu yake ni rahisi. Chukua gari la kilo 1,200, kitovu chake cha uzito kiwe sentimita 50 kutoka ardhini, na upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia uwe sentimita 150. Likikata kona kwa nguvu inayolingana na uzito wake, kilo 1,200 huzidishwa kwa 50 na kugawanywa kwa 150, yaani kilo 400 huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Ukilishusha kwa sentimita 5, zitahama kilo 360. Faida ni kilo 40. Si haba, na mhandisi wa mbio za lami ataitaka.

Sasa tazama fundi amelipata vipi hilo punguzo. Ugumu wa springi ya koili hutegemea idadi ya mikunjo inayofanya kazi: ikiwa sita ukakata mmoja, inayobaki inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Wakati huohuo umeila nafasi ya gurudumu kupanda. Gari lililokuwa na sentimita 8 za nafasi hiyo sasa lina 3. Likiinama kidogo kwenye kona, shokapu inagota kwenye mpira wake wa mwisho, na kuanzia hapo hakuna springi tena. Mzigo wote wa ziada unashuka kwa tairi moja kwa ghafla, na tairi hilo linaachia. Dereva hapati onyo. Wengi wanaosema "gari lilinitoka tu" waligotesha saspensheni katikati ya kona bila kujua.

Kisha kuna mikono ya chini, ile inayoshika gurudumu kwa balljoint upande mmoja na bushi upande mwingine. Katika magari mengi ya kawaida, hasa yenye saspensheni ya mbele aina ya MacPherson, mkono huo huwekwa kiwandani ukiwa bapa au ukiinama kidogo kuelekea gurudumu. Ukilishusha gari, ncha ya nje ya mkono inakuwa juu kuliko ya ndani. Nukta ambayo mwili wa gari hulalia kwenye kona huporomoka mara moja, na huporomoka zaidi ya kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na gari lililoshushwa linataka kulala zaidi kuliko lilivyotaka kabla. Tairi nalo, badala ya kuinamia ndani ya kona gurudumu linapopanda, huanza kuinamia nje na kukanyaga kwa ukingo. Tairodi za usukani nazo zimepoteza pembe yake, kwa hiyo kila shimo linaligeuza gurudumu kidogo hata kama mikono ya dereva imetulia.

Timu ya mbio ikitaka kulishusha gari, huhamisha sehemu zinaposhikwa mikono hiyo, huweka balljoint ndefu zaidi au hutengeneza upya kipande kizima kinachobeba kitovu cha gurudumu, hutafuta shokapu fupi, kisha hupima pembe zote upya. Kushusha kwao ni kusanifu upya. Grenda haisanifu kitu.

Kwa wanaochoma springi kwa gesi ili ilale, hali ni mbaya zaidi. Chuma cha springi kilipewa nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Moto wa gesi huiondoa nguvu hiyo mahali ulipopita, na springi huendelea kulala siku hadi siku, au hukatika. Na springi iliyokatwa huwa haina ncha ya kukaa sawasawa kwenye kikombe chake. Gurudumu likining'inia, inaweza kuhama mahali pake. Hakuna anayestahili kuwapandisha watoto wake ndani ya gari la namna hiyo.

"Stabilaiza nene huzuia uzito usihame."

Rudi kwenye hesabu ya juu. Ndani yake kulikuwa na uzito, nguvu ya kona, urefu wa kitovu cha uzito na upana wa magurudumu. Springi haikuwamo. Stabilaiza haikuwamo. Zile kilo 400 zitahama gari likilala sana au lisilale kabisa. Mwili kuinama na uzito kuhama ni mambo mawili tofauti, na macho yetu yanaona moja tu.

Kazi halisi ya stabilaiza ni kugawa. Kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia huamua ni ncha ipi ya gari, ya mbele au ya nyuma, itakayobeba sehemu kubwa ya uzito unaohama. Ukiweka nene mbele, tairi la mbele la nje huelemewa zaidi, na kwa tabia ya tairi tuliyoiona, mbele hupoteza ushikaji, na pua ya gari hukataa kona. Ukiweka nene nyuma, mkia huchomoka. Timu za mbio huitumia kama kifaa cha kusawazisha tabia ya gari. Katika mbio za IndyCar kule Marekani dereva huwa na vishikio vya kubadilisha ugumu wa stabilaiza huku akiendesha, kwa kuwa matairi huchakaa na mafuta hupungua, na gari la mzunguko wa kwanza si lile la mzunguko wa hamsini. Mvua ikinyesha, wahandisi wengi huilegeza au huifungua kabisa. Wangekuwa wanaamini inazuia uzito usihame, wangeikaza.

Kwa hiyo anayekuuzia stabilaiza nene ya nyuma kwa ajili ya gari la familia amekuuzia mkia utakaochomoka kwenye lami iliyolowa. Muulize atakayekuwa nyuma ya usukani siku hiyo ni nani.

"Shokapu ndiyo inayobeba gari."

Hapa jibu ni fupi. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Springi iliyobanwa hutaka kurudisha nguvu iliyopewa, na bila shokapu gari lingedunda mara kadhaa baada ya kila tuta. Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu membamba na vali. Mwendo hugeuka joto, joto huenda hewani. Shokapu iliyokufa hailishushi gari, ndiyo maana watu huendesha nazo miaka mingi wakidhani ni nzima. Wanaona gari limesimama vizuri. Hawaoni gurudumu linavyodunda kwenye lami yenye mawimbi, na breki inavyochelewa kwa sababu hiyo.

"Safari Rally ni suala la injini kubwa na vyuma vinene."

Kwa dai hili naona uchungu wa kipekee, kwa kuwa mashindano yanayolikanusha vizuri kuliko yote duniani ni ya kwetu. Yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikimbizwa maelfu ya kilomita wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, naye kwa Peugeot 404.

Gari hilo halikuwa na injini ya kutisha. Lilikuwa gari la kawaida la familia, lenye springi laini, magurudumu yenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu ambazo Peugeot walijitengenezea wenyewe. Kizazi cha wazazi wetu kinakumbuka jinsi Peugeot 404, na baadaye 504, zilivyopita kwenye barabara za vumbi zikiwa na abiria kibao huku magari ya fahari yakikwama. 504 nayo ilishinda Safari mwaka 1975 na 1978. Siri haikuwa unene wa chuma. Chuma kinene kisicho na nafasi ya kusogea hupokea kipigo chote, na kipigo hutafuta mahali dhaifu pa kuvunja. Saspensheni yenye mwendo mrefu hukigawa kipigo hicho katika muda mrefu zaidi, na nguvu inayofika kwenye mwili wa gari huwa ndogo.

Magari ya leo ya kiwango cha juu yanaendeleza fikra hiyohiyo. Gurudumu la gari la Rally1 lina mwendo wa sentimita 27 hivi, wakati la Formula 1 lina sentimita chache tu. Ndani ya shokapu ya rali, mafuta hupita kwa urahisi mwanzoni mwa mwendo, na yanapokaribia mwisho hubanwa kwenye njia nyembamba zaidi, ili gari linaporuka na kutua lisigote. Upande wa kurudi hurekebishwa peke yake, kwa sababu gurudumu lililopita shimo linapaswa kuifuata ardhi haraka. Likichelewa, shimo la pili litalikuta bado liko juu. Mafuta hayo huchemka katika hatua ndefu za mawe, hutaka kutoa povu, na povu halizuii mwendo. Kwa hiyo shokapu huwekewa tangi la pembeni lenye gesi ya naitrojeni inayoyabana mafuta yasitoe povu. Stabilaiza huwa nyembamba, ili gurudumu moja likipanda jiwe lisilivute la upande wa pili.

Ubingwa wa dunia uliporudi Kenya mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville wa Hyundai aliingia siku ya mwisho pale Naivasha akiongoza kwa zaidi ya sekunde 50. Injini yake ilikuwa nzima. Saspensheni ya nyuma upande wa kulia ikavunjika, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota. Siku tatu za kasi zikaishia kwenye kona moja ya gari.

Wapo watakaoniambia kuwa Joginder Singh na Shekhar Mehta walishinda kwa ujasiri na si kwa springi. Naheshimu majina hayo kuliko wengi. Singh alishinda mara tatu, Mehta mara tano, na hakuna saspensheni inayoweza kumfundisha mtu kusoma matope usiku. Lakini sifa waliyopewa na waliowajua ni kwamba walilitunza gari. Walijua saspensheni yao ina uwezo gani, na hawakuiomba zaidi ya hapo.

"Saspensheni ya kompyuta ilipigwa marufuku kwa sababu gari lilikuwa linajiendesha lenyewe."

Hili husemwa kuhusu Williams FW14B, gari lililompa Nigel Mansell ubingwa wa mwaka 1992 kwa ushindi wa mbio 9. Badala ya kutegemea springi za kawaida, kila gurudumu lilishikwa kwa mtambo wa haidroliki ulioongozwa na kompyuta, na kazi yake kuu ilikuwa kuuweka umbali wa sakafu na lami palepale, gari likifunga breki, likilala kwenye kona au likigandamizwa na hewa. Lilikuwa jibu safi kwa tatizo lile nililoeleza mwanzo: lilipata sakafu iliyotulia bila kulipa gharama yote ya springi ngumu.

Kama gari lingekuwa linajiendesha, mwenzake Mansell katika timu, Riccardo Patrese, angeshinda kama yeye. Patrese aliendesha gari hilohilo msimu mzima, akashinda mbio 1. Saspensheni ile ilimnyima dereva zile ishara anazozizoea mwilini, kwa hiyo alipaswa kuingia kwenye kona kwa kasi ambayo mwili ulimwambia haiwezekani, akiamini kuwa mgandamizo utamshika. Mansell aliamini. Hata mfumo wenyewe haukuja kwa urahisi. Mwaka 1987 Ayrton Senna alishinda Monaco na Detroit kwa Lotus yenye mfumo wa aina hiyo, lakini mwaka 1988 Williams waliuchoka wao wenyewe, wakaung'oa usiku kucha katikati ya mashindano ya Uingereza pale Silverstone, wakaweka saspensheni ya kawaida, na Mansell akamaliza wa pili. Miaka minne baadaye mfumo uleule, ukiwa umekomaa, ukawa hauna mpinzani. Kuanzia msimu wa 1994 ukapigwa marufuku pamoja na misaada mingine ya kielektroniki, kwa hoja za gharama na za kumrudishia dereva kazi yake. Haukuondolewa kwa kuwa ulishindwa, na haukuchukua nafasi ya mtu.

"Kuboresha saspensheni ni kwa wenye pesa, sisi tutakata tu."

Hapa ndipo dai linapogusa mfuko, na halina ukweli hata kidogo. Jambo la kwanza linaloboresha ushikaji wa gari lako ni upepo sahihi kwenye matairi. Ni kazi ya dakika chache kituo cha mafuta, na vipimo vyake vimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. La pili ni matairi yenyewe, kwa kuwa tairi lililokauka kwa umri halisaidiwi na springi yoyote. La tatu ni bushi na balljoint, ambazo zikilegea huzipoteza pembe zote ambazo mhandisi alizipigia hesabu. La nne ni shokapu, nazo hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia. Mwisho upimaji wa magurudumu. Gari la miaka ishirini lililotengenezwa hivyo, likiwa na springi zake za kiwandani, litakata kona vizuri kuliko la jirani lililokatwa springi, na kwenye barabara yenye matuta tofauti itakuwa kubwa zaidi.

Anayetaka gari lake likae chini kwa haki anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, kisha apime pembe. Ni ghali kuliko grenda. Ni nafuu kuliko hospitali.

Mafundi nao nawaomba jambo moja. Mteja akija kudai springi ikatwe, mpandishe kwenye lifti au mwinamishe chini ya gari, umwonyeshe ule mpira wa mwisho wa shokapu na nafasi iliyobaki juu yake, na umweleze nini kitatokea nafasi hiyo ikiisha akiwa kwenye kona ya mlima Kitonga na familia yake ndani. Akisisitiza, mkatalie kazi.